Nilipe Haitiki

Mbwa wangu anaitwa Nilipe. Mnaocheka, chekeni. Jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, ana elfu arobaini yangu tangu msimu wa korosho wa mwaka juzi, na kila nikimgusia jibu ni moja: "Mnada ukifunguliwa tu, kaka." Mnada ukafunguliwa, ukafungwa, mabibo yakaozea chini ya mikorosho, pombe ya uraka ikanywewa mpaka ikaisha, hela sijaiona. Sasa mimi mtu wa pwani, siwezi kwenda kumkaba mtu mlangoni kwake. Nikatafuta mbwa.

Nilimtoa Mikindani akiwa na wiki nane, koko safi, ndani ya boksi la sabuni. Nilimpakata kwenye bajaji na akanikojolea tangu Mikindani mpaka mjini. Kesho yake alfajiri nikasogea penye ua wa jirani, nikasafisha koo: "Nilipeee! We Nilipeee!" Mbwa alikuwa anatafuna kandambili yangu, sikio hata halikutikisika. Aliyeitika ni jirani, toka chumbani kwake: "Mwisho wa mwezi, kaka!"

Siku tatu nafundisha mbwa, anayefuzu ni jirani.

Nikamfuata bwana mifugo. Akanisikiliza, akajishika kiuno. Kwanza, akasema, jina la mbwa liwe fupi, silabi mbili zinamtosha. Pili, unaliita mara moja, siyo kama konda anayejaza gari la Masasi. Ukirudiarudia analiona kelele kama kelele nyingine za mtaa. Akikutazama tu, mtie kitu kinywani papo hapo. Ukichelewa kidogo atadhani umempa kwa sababu alikuwa anajikuna. Dakika chache chache kwa siku, mahali penye utulivu. Na jina lisiwe la kumgombezea, maana atajua akiitwa kuna kipigo.

Hapo ndipo nilipokwama. Jina lenyewe ugomvi! Hebu wewe jaribu kuita "Nilipe" kwa sauti ya kubembeleza uone.

Basi nikalikata, likabaki Lipe. Nikanunua dagaa wa jero, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nyuma ya jiko. "Lipe." Sikio la kushoto, lile lililolala, likanyanyuka nusu. Akageuka. Nikampa dagaa mmoja. "Lipe." Akageuka tena, macho kwenye mkono. Jamani, nilitaka kulia. Ya tatu akapita kuku, somo likaishia hapo.

Lakini ningefika, tatizo nyumba yangu ina wasemaji wengi. Watoto wanamwita Bobi. Mama watoto anamwita "hicho kijitu chako". Halafu kuna mama mkwe, ameteremka kutoka Newala kuja kutibiwa macho, wiki mbili zimekuwa mwezi wa tatu sasa. Yeye mbwa hamtaki karibu na mkeka wake, asije akamharibia udhu. Kila akikaa kula ming'oko yake, vile viazi pori vya kwetu, na samaki kibua, mbwa huyo. "Toka!" Na ili atoke kweli, anamrushia kichwa cha samaki. Toka, kichwa. Toka, mkia. Mara moja, kwa sauti ileile, na malipo papo hapo. Bwana mifugo mwenyewe asingefanya vizuri zaidi.

Na mkwe utamwambia nini? "Mama, naomba usimfukuze mbwa kwa kitoweo"? Nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo, nikapita.

Alipotimiza miezi mitatu, bwana mifugo akaja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Akafungua kadi: "Anaitwa nani?" Nikasema Lipe. "Muite aje." Nikaita. Kimya. Nikalirefusha, "Nilipe!" Kimya. Mbwa alikuwa chini ya mwembe na mgongo wake kwetu, anachimba. Nikaanza kuita kama konda, jasho linanitoka, dagaa mkononi wamegeuka uji.

Mama mkwe akachungulia mlangoni, hana hili wala lile. "Wee, toka hapo!"

Mbwa aliruka, mkia unazunguka kama feni, vumbi nyuma yake, akaja akakaa miguuni kwetu na mdomo wazi. Bwana mifugo akanitazama, akamtazama mbwa, akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa: TOKA.

Kutoka upande wa pili wa ua ikasikika sauti: "Nimekusikia kaka, subiri mnada wa pili!"