Hii tovuti ya kazini itanitoa roho

Yaani nimechoka na hii stori ya "si bado inafunguka, ya nini kuibadilisha." Sisi tuko bado kwa Drupal 7, programu ya kuendesha tovuti, kitu cha 2011, na msaada wake rasmi uliisha tarehe 5 Januari 2025, maana yake tundu la usalama likipatikana leo hakuna kiraka rasmi kinakuja, lakini kila nikipeleka bajeti kwa mkutano inarudi hivyo hivyo. Na watu wanadhani ni kubonyeza apdeti tu kama simu! Kutoka 7 kwenda haya mapya ni kuhama nyumba kabisa, juu toleo la 8 lilijengwa upya na vipande vya Symfony, msimbo wa watu wengine ulio tayari, so moduli za zamani (zile programu ndogo za kuongezea tovuti kazi) haziingii na themu, yaani sura ya tovuti, unashona upya. Juzi fomu ya wanachama ilikwama, nikashinda nayo hadi saa tatu usiku, mvua inanyesha, matatu za Rongai zimepandisha nauli, kumbe ni moduli moja imegoma baada ya hosti, wale wanatuwekea tovuti kwa seva yao, kupandisha toleo la PHP, lugha ambayo Drupal imeandikwa nayo. Jamani si tuamue, tunahama ama hatuhami?