Mara 11

Nilibonyeza kitufe cha kuosha mashine, pale kwenye skrini ya kompyuta, mara 11, na zote kabla skrini haijawa nyeupe. Msinicheke. Kitu kisipojibu, binadamu hubonyeza tena. Hata lifti twaifanyia hivyohivyo.

Kazi yangu ni kupima maji hapa Mombasa. Mashine hupitisha mwanga kwenye kichupa cha sampuli, kompyuta huiamrisha na kupokea majibu. Siku hizi kompyuta imejifanya bibi harusi: ukiiuliza haisemi, ukiigusa haigeuki. Kiduara cha buluu chazunguka tu, kama tuktuk inayotafuta pa kuegesha Marikiti saa nne asubuhi.

Kisha ikazinduka. Yakhe! Kumbe mibonyezo yangu yote ilikuwa imepanga foleni, haikupotea hata mmoja. Pampu ikaosha. Ikaosha tena. Ilipofika mara ya sita nikavuta kiti nikakaa. Maji yaliyokenekwa yanashuka karoni, Mombasa hii, ambako kwangu maji huja kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, na mke wangu yale ya kuoshea mchele humwagilia mrehani!

Mzee wa stoo akachungulia. "Jini hilo. N'takuletea udi."

Nikampigia fundi Nairobi, kijana mpole, kila neno "mzee", hata nikahisi mvi zinaota.

"Mzee, tazama hiyo programu inakula asilimia ngapi ya prosesa."

Sifuri.

"Basi haifanyi kazi, mzee, inangoja. Ingekuwa inazungukia hesabu isiyokwisha, ungeona prosesa inahema."

Inamngoja nani? Mashine ijibu! Kumbe programu ile ina mfanyakazi mmoja tu. Yeye ndiye achoraye skrini na kupokea mibonyezo, na yeye ndiye aendaye kuiuliza mashine. Akitoka, dukani hamna mtu. Na aliyeiandika hakumwekea hata muda wa kurudi. Mwenye duka wa Mji wa Kale akienda kusali, walau huweka kiti mlangoni!

Na ule weupe? Windows ikiona programu imekaa sekunde 5 bila kuitika, huliondoa dirisha lenyewe machoni na kuweka kivuli chake. Kwa lugha ya mafundi, huitwa dirisha la mzuka. Kosa langu ni kulirudia neno hilo kwa sauti, na mzee wa stoo bado yuko mlangoni.

"N'likwambiaje?"

Siku 3 nikawa naandika kila inapoganda. Nikirudi kutoka adhuhuri, imeganda. Nikirudi kutoka kwenye kahawa na kashata, imeganda. Nikikaa nayo tukitumbuliana macho, nzima kama kigori.

"Labda yakuonea wivu," akasema dada wa mapokezi.

Fundi aliposikia hivyo akacheka. Kebo ya mashine yetu ni ya kizamani, ya pini 9. Kompyuta za leo haziijui, basi imeungwa kwa adapta ya USB. Na Windows, kwa ubahili wake wa umeme, mlango wa USB ikiuona umekaa kimya huulaza. Mimi nakunywa kahawa, adapta imelala fofofo, programu yaibisha hodi isiyoitikiwa.

Tukaingia kwenye mipangilio ya umeme, tukaondoa ruhusa ya kulala. Dakika 2. Wiki nzima ya presha, na dawa yake dakika 2!

Haijaganda tena. Lakini asubuhi ileile, kabla sijafika, mzee wa stoo alikuwa ashaleta chetezo chake na kufukiza chini ya meza. Sasa n'tamweleza nani habari za adapta?

Jana nimemkuta dada wa mapokezi aizunguka printa na chetezo mkononi, mzee yuko nyuma yake anamwelekeza: "Na trei ya chini, mwanangu. Usiisahau trei ya chini."