Kwenye chè bắp, usitupe gunzi

Nikiona mapishi ya chè bắp yanaanza kwa kufungua kopo la mahindi, siendelei kusoma. Kitamutamu hiki cha Vietnam, ambacho watu wa kaskazini hukiita chè ngô, hakina viungo vingi vya kufichia kasoro. Ni mahindi, sukari, chumvi kidogo na tui la nazi. Mahindi yakikosa ladha, hakuna cha kuliokoa bakuli.

Huko Huế, mji wa zamani wa wafalme wa ukoo wa Nguyễn, sifa ya chè bắp iko Cồn Hến, kisiwa kidogo katikati ya Mto Hương. Mahindi yake huota kwenye udongo ulioletwa na mto, na huchumwa yangali machanga, punje ukizibonyeza zinatoa maziwa. Mpishi husimamisha hindi akalikwangua kwa kisu kikali, tabaka jembamba baada ya jingine, hata punje moja ikakatika mara mbili tatu. Halafu gunzi analichemsha! Maji yale matamu, yenye harufu ya shamba, ndiyo supu yenyewe. Anayepika kwa maji ya bomba ameacha nusu ya utamu kwenye takataka.

Aina inayopendwa ni mahindi ya kunata, bắp nếp. Wanga wa mahindi ya kawaida, kama robo yake ni amilosi, sehemu ya wanga isiyonata. Wa haya karibu wote ni amilopektini, sehemu inayonata, ndiyo maana chè huwa nzito na laini. Wengine huongeza mchele wa kunata au wanga wa muhogo, nami sioni ubaya, mradi isigeuke gundi. Sukari itiwe punje zikishaiva, na isizidi.

Sisi wa pwani tuliozoea mahindi ya nazi huchemsha tui pamoja na mahindi. Wao hulipika kando, zito, lenye chumvi, wakalimwagia juu wakati wa kula. Nimejaribu njia zote mbili, na kwa chè, njia yao ndiyo bora: chumvi inaamsha utamu kila kijiko. Jani la pandani, ndugu wa mkadi wetu, huipa harufu.

Muuza mahindi wangu sokoni hujitolea kunipukuchulia punje ili nisibebe mzigo. Namshukuru, nami namwomba anipe mahindi mazima, na magunzi yake.