Wacree, boila, na hela inayobaki kijijini

Watu wakisikia neno kujitawala akili inaenda kwenye bendera, katiba, na mheshimiwa kwenye gari lenye vioo vyeusi. Mimi siku hizi nauliza swali moja tu la kishamba: mwisho wa mwezi watu wenu wakilipa bili, hela inaenda wapi? Swali lenyewe nimelipata kwa kufuatilia kijiji kimoja cha Wacree, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa jimbo la Quebec, Kanada, kinaitwa Oujé-Bougoumou.

Sisi tunaoishi Montreal, na Waswahili tupo, Warundi, Wakongo, Wakenya, Wabongo, tunajisifia kwamba hapa umeme ni bei chee, hita zinawaka tangu Novemba na hakuna anayelia sana. Basi sehemu kubwa ya umeme huo inatoka mto La Grande, ardhi ya Wacree. Serikali ya Robert Bourassa, waziri mkuu wa Quebec wakati huo, ilitangaza mradi wa mabwawa mwaka 1971 bila hata kuwabishia hodi, wenyewe wakaja kuzipata habari gazetini na redioni kama mtu yeyote. Wakaenda mahakamani, Novemba 1973 jaji Albert Malouf akaamuru ujenzi usimame, haikupita hata wiki mbili mahakama ya rufaa ikaliondoa zuio, kazi ikaendelea. Lakini serikali ilishashtuka kwamba hawa jamaa hawatanyamaza, ikakaa nao mezani, na mwezi Novemba 1975 mkataba ukasainiwa: fidia ya dola milioni 225 kwa Wacree na Wainuit, wenyeji wengine wa kaskazini, Wacree wapate bodi yao ya shule, bodi yao ya afya, haki ya kuwinda na kuvua kwenye maeneo yao. Mwaka 1984 ikaja sheria ya kuzipa halmashauri zao mamlaka. Kijana aliyeongoza mapambano hayo, Billy Diamond wa kijiji cha Waskaganish, alikuwa na miaka ishirini na kitu tu.

Wengi wakisimulia habari hii wanaishia hapo, wanapiga makofi. Mimi naona ndo inaanza.

Maana Oujé-Bougoumou hawakuwemo kwenye ule mkataba kama jamii inayojitegemea, waliandikishwa kama watu wa Mistissini, kijiji kingine cha Wacree. Hawa ni watu waliohamishwa mara saba katika karne iliyopita, kila madini yakionekana wanaambiwa sogeeni, kila kampuni ya miti ikifika sogeeni tena, mpaka 1970 nyumba zao za mwisho zikabomolewa wakabaki wametawanyika kwenye vibanda kandokando ya barabara karibu na mji wa Chibougamau. Waliendelea kudai mpaka 1989 wakafunga barabara, serikali ya Quebec ikakubali, ya Kanada ikafuata baadaye, wakapata hela ya kujenga kijiji kandokando ya ziwa Opémisca.

Sasa angalia walichofanya na hiyo hela. Walimwita Douglas Cardinal, msanifu mwenye asili ya wenyeji wa Kanada, wakamwambia tunataka kijiji kinachofanana na sisi, na kweli majengo yale yanakumbusha makazi yao ya zamani. Hiyo sehemu inapigwa picha sana. Mimi kinachonivutia ni kile ambacho hakipigwi picha, boila. Chapais, mji jirani, kuna kiwanda kikubwa cha mbao, na mabaki yake, yale maranda na unga wa mbao, yalikuwa takataka tu. Wacree wakayachukua, lori linaleta, yanachomwa kwenye kituo kimoja hapo kijijini, maji yanachemka yanapita kwenye paipu zilizofukiwa chini ya ardhi mpaka nyumba ya kila mtu, yanaacha joto lake yanarudi kuchemshwa tena. Na hapo tunaongelea sehemu ambayo baridi inaweza kushuka nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo joto siyo anasa, joto ndo gharama yenyewe ya kuishi.

Hesabu yake iko wazi. Wangeweka hita za umeme au mafuta, kila mwezi kijiji kizima kingekuwa kinatuma hela mjini, kwa kampuni ya umeme iliyojaza maji ya mabwawa kwenye ardhi ya ndugu zao au kwa muuza mafuta. Kwa mfumo huo wa boila mwenye nyumba analipa halmashauri yake, anayewasha moto ni mtu wa hapohapo, na mshahara wake anaununulia unga hapohapo. Nyumba nazo walizipangia malipo kulingana na kipato cha familia, mwenye kidogo analipa kidogo, hela inarudi kwenye nyumba nyingine. Mwaka 1995, Umoja wa Mataifa ulipotimiza miaka 50, kijiji hicho kikawekwa kwenye orodha ya jamii 50 za mfano duniani, na kwa mara moja naona waliopewa sifa walistahili.

Kuna kitu kingine kilichotoka kwenye mkataba wa 1975 ambacho wachumi wa makaratasi wanakidharau: mwindaji analipwa. Yaani familia inayokaa porini walau siku 120 kwa mwaka ikiwinda, ikivua na kutega inapata hela kwa kila siku ya kule, kwa hiyo kijana haambiwi achague kati ya pori la babu yake na mfuko wake. Mtu ataita ruzuku. Mbona mkulima wa Ulaya akilipwa hatusemi kitu?

Sisemi mambo yote ni mazuri. Mwaka 2002 Ted Moses, chifu mkuu wa Wacree wote (Grand Chief), alisaini na waziri mkuu wa Quebec Bernard Landry makubaliano mapya, karibu dola bilioni 3.5 kwa miaka 50, na humohumo Wacree wakakubali mto Rupert uchepushwe. Machifu wa vijiji vya Nemaska, Waskaganish na Chisasibi walipinga hadi mwisho, na mimi nawaelewa, maana Chisasibi wenyewe walishahama kutoka kisiwa cha Fort George kwa sababu ya mabwawa, na samaki wa mabwawa hayo waliingiwa na sumu ya zebaki watu wakaambiwa wapunguze kula. Halafu hela ya aina hiyo inafika kwa hundi kutoka juu, na hiyo ni tofauti kabisa na hela ya boila.

Ndo maana naangalia kwa makini hii Grande Alliance, makubaliano ya Wacree na serikali ya Quebec yaliyosainiwa Februari 2020, mpango wa reli, barabara mpya na maeneo ya hifadhi, huku macho ya wachimba madini ya betri yakiwa palepale Nemaska. Aliyesaini kwa upande wa Wacree ni Abel Bosum, yuleyule aliyekuwa chifu wa Oujé-Bougoumou wakati kile kijiji kinajengwa. Mtu huyu anajua kuliko wote tofauti ya kuwa na bomba lako na kukodishwa bomba la mwenzio. Kwa hiyo ningekuwa na kura kule nisingeuliza kwanza ajira ngapi, ningeuliza treni ni ya nani, na nauli ya kila tani ya madini inalipwa kwenye akaunti ipi.