Angalia Nyuma!

Jana saa mbili usiku mjukuu wangu kapiga RPG, lile bomba la begani la kurushia roketi. Kwenye simu ya mama yake, kajilaza pale kwenye kochi. Mtu wake kajibanza kwenye kachumba, ukuta uko mgongoni kabisa, kaachia dirishani puu! Kifaru kikawaka, ghorofa likaanguka, na huyo mtu akatoka mbio kama katumwa chumvi.

Nikamwambia, "Wewe umeshakufa."

"Babu, mbona damu bado iko 80?"

Hapo nilale vipi mimi?

RPG-7, bwana, ni bomba lililo wazi huku na huku. Ndiyo maana halipigi teke begani. Kishindo chote kinatokea nyuma: moto, moshi, vumbi, kokoto. Mita 30 nyuma yako asiwepo mtu, asiwepo mbuzi. Sasa ukijifungia kachumbani, ule moto ukikosa pa kwenda unakugeukia mwenyewe. Mwaka 1978 afande wetu wala hakuanza na kulenga. Wiki nzima ilikuwa "Angalia nyuma!" tu. Ukisahau, kichurachura hadi kwenye mwembe na kurudi. Somo liliingia mapajani kwanza, kichwani likafika baadaye.

Roketi zenyewe hatukupewa. Amin keshaingia Kagera, Mwalimu keshasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, lakini roketi za kuchezea makuruta hatuna. Tukawa tunapiga kwa mdomo. Watu wazima tumepanga mstari juani, bomba tupu begani, zamu kwa zamu: "Puu!" Mimi yangu ilitoka nyembamba. Afande akanisogelea sikioni, "Hiyo imeshiba kweli? Rudia."

Siku ya roketi ya kweli ikafika, na zamu yangu ikafika. Mbele kuna pipa limepakwa chokaa. Upepo unatoka kulia. Sasa mimi mtoto wa Kirumba, Mwanza ziwani, nimekulia kwenye mitumbwi, upepo utanifundisha wewe? Ukitoka kulia, kitu kinaenda kushoto. Hata kambale anajua. Nikaangalia nyuma (mapaja yananikumbusha), nikalenga kulia kidogo kwa pipa ili upepo unirudishie katikati.

Kumbe roketi haijawahi kuvua. Ina mapezi huko mkiani, na ikishatoka bado inachoma moto wake. Upepo unasukuma mkia, pua inageukia unakotoka upepo, basi inaufuata huko huko. Ikaenda kulia kama ng'ombe aliyeona shamba la mtu. Ikaliacha pipa, ikauacha mwembe, ikaenda kujilipukia hewani huko mita mia tisa na kitu, maana imetengenezwa hivyo, ikikosa cha kugonga inajimaliza. Masikio yanalia nziiii. Pipa limetulia na chokaa yake.

"Kuruta, kwenu kazi gani?"

"Uvuvi, afande!"

"Utabeba."

Ndivyo nilivyouvuka mto Kagera, daraja la Kyaka watu wa Amin wameshalivunja, mgongoni nina roketi tatu za mwenzangu, kila moja kilo 2 na ushee. Yeye analenga, mimi naangalia nyuma.

Kijiweni hawataki hadithi hiyo. "Mzee wa kombora, ulilipua vifaru vingapi?" Nikisema nilikuwa mbebaji, kahawa najilipia. Siku moja nikasema viwili, nikalipiwa na kashata juu. Sasa hivi viko vitano. Maisha yamepanda.

Bega ndilo halikupata kiinua mgongo. Leo asubuhi bibi yenu kanituma gesi, ule mtungi mdogo wa kilo 6. Hiyo sita ni gesi peke yake, chuma hawakihesabu! Ukijaa unaizidi RPG pamoja na roketi yake ndani. Na nyumba yetu iko Mabatini juu, kwenye mawe, bajaji inaishia chini, dereva anakutakia kheri. Nikaupachika begani, lile lile la kulia. Sasa bega likishahisi chuma, shingo haingoji amri. Hatua tano, naangalia nyuma. Hatua tano, naangalia nyuma. Nyuma kuko salama, hakuna mtu, hakuna mbuzi.

Nikasikia kwacha, kwacha, kwacha chini ya viatu.

Jirani alikuwa kaanika michembe juu ya jiwe, viazi vya wiki nzima. Nimesimama katikati kabisa, mtungi begani, uso bado uko ziwani.

"Babu," akasema, mikono kiunoni, "adui yuko mbele."

Kanikadiria sinia mbili. Naenda kijiweni, leo vifaru vitakuwa saba.