Msiwapeleke watoto Dar kucheza mpira tu

Kuna maneno yanazunguka kwenye gurupu letu la WhatsApp la wazazi tangu timu yetu ya mpira ya vijana, ambayo mimi ni kochi wake, irudi Mombasa kutoka Dar es Salaam, na naona niyajibu hadharani manake najua sio wazazi wetu peke yao wanaofikiria hivo. Maneno yenyewe ni kwamba watoto walilipiwa nauli wakacheze mpira, sasa ile asubuhi ya kupelekwa kwenye sanamu ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa ya nini, si wangelala wakapumzika. Mzazi mwengine akaongeza kwamba vita vyenyewe vilikuwa vya Wazungu, sisi vyatuhusu nini.

Vyatuhusu sana. Na mtoto wa Mombasa vinamhusu pengine kuliko mtoto wa mahali pengine popote hapa Kenya.

Angalia tu njia yenyewe. Ukishavuka Likoni, ukapita Ukunda na Msambweni mpaka Lunga Lunga, ukagonga muhuri ukaingia Horohoro, tayari uko mahali watu walipigana. Hapo karibu, upande wa baharini, kuna Jasin, ambako Januari 1915 askari wa Kihindi na wa King's African Rifles, kikosi cha Waafrika, waliokuwa upande wa Mwingereza walizingirwa na jeshi la Mjerumani mpaka Wahindi wakasalimu amri. Ukiendelea unafika Tanga. Tanga ndiko Waingereza walikoteremsha jeshi la kama watu 8,000 kutoka India mwanzoni mwa Novemba 1914, na kamanda wao alipitia hapa hapa Mombasa kupanga mambo kabla ya kwenda huko, halafu wakapigwa na Wajerumani waliokuwa na kama watu 1,000 tu, na wengi wa hao 1,000 walikuwa Waafrika. Mpaka nyuki walitoka mizingani wakawavamia watu katikati ya risasi. Niliwahadithia vijana hii ya nyuki ndani ya basi na hata wale wa viti vya nyuma waliokuwa na simu masikioni walizitoa.

Sasa fikiria Mdigo wa Kwale na Mdigo wa Tanga, watu wa lugha moja, wanaoana na kuzikana, mpaka umechorwa na wageni katikati yao, mmoja yuko chini ya Mwingereza na mwenzake yuko chini ya Mjerumani. Mzazi anayesema hivi ni vita vya Wazungu, ni kweli vilianzishwa na Wazungu, lakini waliobeba mizigo, waliokufa na kuhara na malaria na njaa porini, hao walikuwa watu wetu, na kadirio linalotajwa sana la wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza peke yake ni kama 95,000. Wagiriama mwaka huo huo wa 1914 walikuwa wanagoma kodi na vijana wao kuchukuliwa kufanya kazi za serikali, Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza, akiwa ameshawaapisha wasikubali, na Waingereza wakalipua Kaya Fungo, mahali pao patakatifu. Kwa hivyo usiniambie Pwani haikuwemo.

Dar tulienda kwenye ile sanamu ya Askari iliyoko Posta, Samora Avenue inapokutana na Azikiwe. Tulienda asubuhi mapema kabla magari hayajajaa. Ni askari wa shaba, bunduki mkononi, singe mbele, anaelekea bandarini. Imesimama hapo tangu 1927, na kabla yake palikuwa na sanamu ya Mjerumani mmoja aitwaye Wissmann, ikaondolewa Waingereza walipouteka mji 1916. Mwanzoni ilikuwa ni picha tu, kila mtu na simu yake, na mimi sikuwakataza. Halafu kipa wetu, kijana wa Kisauni ambaye Kiingereza cha skuli kinampa taabu sana, akaona maandishi ya upande mmoja ni herufi za Kiarabu, akadhani ni aya. Akaanza kuyasoma kama wanavyosoma Kurani chuoni, polepole, kidole kinafuata, kidogo akasimama akasema kochi hiki ni Kiswahili! Wenzake wote wakamzunguka. Akasoma tena kwa sauti na wao wakawa wanalinganisha na ile iliyoandikwa kwa herufi za kawaida upande mwengine, wanamsahihisha anawasahihisha.

Yale maandishi yanawakumbuka askari na wapagazi, yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwishoni yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Fowadi wetu akaanza kuzunguka ile sanamu, upande hadi upande, anatafuta kama mchezaji anavyotafuta jina lake kwenye listi ya kikosi iliyobandikwa ukutani. Akaniuliza, "Kochi, majina yenyewe yako wapi?"

Hayapo. Hakuna hata moja.

Swali hilo lilinilazimu niwaambie mambo ambayo hawafundishwi. Kwamba kule Ypres, Ubelgiji, kuna lango linaitwa Menin Gate limechongwa majina ya zaidi ya wanajeshi 54,000 ambao miili yao haikupatikana, yaani mtu hana kaburi lakini jina lake liko, na kila siku saa mbili usiku tarumbeta inapigwa. Na watoto wa klabu za Premier League, chini ya miaka 12, wamekuwa wakipelekwa mji huo huo tangu 2011 kucheza mashindano ya kukumbuka wale wanajeshi waliosimamisha vita siku ya Krismasi 1914. Timu ya kriketi ya Australia nayo ilipitia Gallipoli, kule Uturuki walikopigana askari wao vita hivyo hivyo, 2001 ikiwa njiani kwenda Uingereza. Hawa ni watu wanaojua mpira na kriketi kutushinda na hawakuona kwamba wanapoteza wakati.

Sisi huku wafu wetu hawakuandikwa kwa sababu wakubwa wa kikoloni walikata shauri kwamba Mwafrika hana haja ya jiwe la kaburi. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikubali hilo kwenye ripoti yake ya 2021 na ikaomba radhi, ikasema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mchana wakataka Kariakoo, jezi za Simba na Yanga, haki yao. Nikawaambia hapa wanapobishana bei ndipo ilipokuwa kambi ya hao wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Mwingereza. Beki mmoja akauliza maswali mpaka tukachelewa chakula. Aliporudi Mombasa akaenda kumuuliza bibi yake kule Kinango, akaniletea jina la ndugu wa babu mzaa babu yake aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi, jina kamili na la baba yake, ameliandika kwenye karatasi ya daftari. Jina hilo halimo kwenye ukuta wowote duniani. Sasa niambieni ni mazoezi gani ya asubuhi moja yangempa huyu kijana kitu kama hicho.

Na wale wanaosema tulifungwa kwa ajili ya uchovu, mechi ilikuwa kesho yake, tulifungwa kwa kona.

Makochi wenzangu, hata kama huna pesa ya kwenda Dar, sanamu zetu za askari ziko hapa Jomo Kenyatta Avenue, Mwembe Tayari, mabasi ya Tanzania yanapakia hapo karibu na watoto wanazipita wakiwa na mabegi migongoni. Wapeleke siku ya mazoezi, nusu saa inatosha, na kila mmoja apewe kazi ya kuuliza nyumbani kwao kama kuna mtu alienda.

Sisi safari ijayo tutashuka Tanga kwanza, twende kwenye makaburi ya askari wa Kihindi, na nauli haiongezeki manake basi linapita huko huko. Ratiba nitaiweka kwenye gurupu mapema, mzazi asiyekubali aseme kabla hatujalipia basi, na mimi nitamjibu.