Matengenezo nampa fundi, sevisi naibakiza nyumbani

Mwaka juzi niliivusha Land Cruiser yangu kwenye korongo lililojaa maji, njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron. Maji yalipita juu ya ekseli zote mbili na gari likatoka upande wa pili bila kukohoa. Wiki mbili baadaye nikaipeleka gereji hapa Arusha ifanyiwe sevisi kamili. Kwenye risiti wakaandika oili ya injini, filta zote, oili ya giaboksi, oili ya difu (kile kitufe chenye gia katikati ya ekseli) mbele na nyuma. Kijana aliyenikabidhi funguo akasema, "Mzee, kila kitu kipo sawa, wewe ni kuwasha na kuondoka." Nikalipa nikaondoka.

Siku chache baadaye nikaanza kusikia mvumo kwa nyuma, sauti nyembamba inayokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia. Nikaingia chini na spana namba 24. Nati ya kujazia oili kwenye difu ya nyuma ilikuwa na udongo mkavu pande zote na kutu kwenye kona zake. Haikuwa imeguswa na spana kwa miezi mingi. Nilipoilegeza, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Wengi wanadhani maji huingia kwenye difu kwa sababu sili ni mbovu. Mara nyingi sivyo. Difu iliyotembea kilomita nyingi ni ya moto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Ukiitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, ile hewa inasinyaa na difu inavuta pumzi. Ikiwa kipumulio chake juu ya ekseli kimeziba kwa tope au kimezama, inavuta maji kupitia popote panapowezekana, hata kwenye sili nzima. Ndiyo maana wanaovuka mito mara kwa mara huunga mpira kwenye kipumulio na kuupandisha juu, karibu na injini. Maji yakichanganyika na oili, meno ya krauni na pinioni, zile gia za ndani ya difu, yanasagana bila kinga. Yangu niliyawahi. Nilimwaga ile oili, nikajaza mpya, nikatembea siku tatu, nikamwaga tena, na mvumo ukakoma.

Tangu hapo nina msimamo ambao nausema kila ninapopata nafasi: sevisi si matengenezo. Sevisi ni ukaguzi. Kumwaga oili ni kazi ya nusu saa ambayo kijana wa miaka kumi na sita anaimudu. Kilicho na thamani ni macho yanayoingia chini ya gari wakati oili inachuruzika kwenye karai. Na macho hayo hayakodishwi. Fundi mwenye magari manane uani, na wateja wanaopiga simu kila dakika kumi, hawezi kuliangalia gari lako kama wewe unayejua ulilipitisha wapi wiki iliyopita.

Nasema haya kwa magari ya aina ya langu. Ni mkonga wa kawaida, Land Cruiser toleo la 70, lile ambalo Toyota walianza kulitoa mwaka 1984. Injini yake ni 1HZ, iliyoingia mwaka 1990: silinda 6 mstari mmoja, cc 4,164, haina turbo, haina kompyuta. Ndiyo injini unayoisikia alfajiri magari ya watalii yakikusanyika kwenda Ngorongoro. Inavumilia sana, na huo uvumilivu ndio mtego wake. Gari lingine likipuuzwa hulalamika mapema. 1HZ inaendelea kutembea na mwenyewe anadhani yuko salama.

Mimi nafanya hivi. Kila kilomita 5,000, siku moja kabla, naliosha gari chini kisha naliendesha mzunguko mfupi, ili uvujaji mpya uonekane kwenye chuma safi. Kesho yake naliwasha lipate joto, maana oili ya moto inashuka na uchafu wake, ilhali ya baridi inauacha sakafuni mwa sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini hii inameza karibu lita 10. Natumia 15W-40 ya dizeli, nainunua duka lile lile, kwenye dumu lililofungwa kiwandani.

Oili iliyotoka usiitishikie weusi wake. Oili ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache tu kwa sababu ya masizi, na ule weusi unakuonyesha kwamba inafanya kazi ya kuyabeba. Rangi ya kuogopa ni ile ya maziwa. Filta ya zamani siitupi. Naikata kwa msumeno wa chuma, naikunjua ile karatasi ya ndani na kuiangalia juani. Vipande vya rangi ya shaba vinakuambia beringi za krenki zimeanza kuliwa. Vinavyonatia kwenye sumaku ni chuma, na hapo kuna kitu kingine kinachosagika. Hakuna gereji iliyowahi kunikatia filta kunionyesha. Sikuwahi pia kuwaomba, na laiti ningewaomba tangu mwanzo.

Nikae kidogo kwenye vumbi, kwa sababu naamini ndilo linaloua magari mengi zaidi huku kwetu. Vumbi la kutoka Mto wa Mbu kuelekea Natron ni laini kama unga wa ngano, kwani ardhi yote ile imetengenezwa na majivu ya Ol Doinyo Lengai na volkano wenzake. Linapenya milango iliyofungwa. Likipita kwenye ea klina, yaani filta ya hewa, linaingia kwenye silinda na kusugua ringi na kuta kama msasa. Baada ya hapo gari linakula oili, linatoa moshi wa bluu, asubuhi linakataa kuwaka, na mwenyewe anaambiwa afanye ovahoo, injini ifunguliwe yote na kufufuliwa kwa mamilioni, kwa sababu ya filta ambayo haikufungwa vizuri.

Kupuliza filta kuna namna yake. Upepo unatoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, mdomo wa kompresa ukiwa mbali kidogo na karatasi. Nimeona vijana wa kuosha magari wakiipuliza kutoka nje kwa upepo mkali kabisa. Vumbi lote wanalizamisha ndani na karatasi wanaitoboa. Nikimaliza naingiza taa ndani ya filta gizani. Nikiona nukta moja inayong'aa kuliko pengine, filta hiyo haina kazi tena. Kisha napitisha kidole kwenye bomba linalotoka kwenye kasha kwenda kwenye injini, upande ambao hewa imeshachujwa. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja, hata kama filta ni mpya.

Mafuta nayo. Chini ya filta ya dizeli kuna kakoki kadogo ambako wamiliki wengi hawajawahi kukalegeza tangu wanunue gari. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutulia pale chini. Ninamwaga kidogo kwenye chupa ya kioo na kuiacha itulie dakika chache juu ya ukuta. Nikiona mstari wa maji chini, najua kituo nilichojaza kina tangi lenye shida, na sirudi. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli hayaonekani kwa jicho kwenye chupa, na hilo ndilo baya lake. Pampu ya injini hizi inalainishwa na dizeli yenyewe, haina kinga nyingine, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri, na nakumbuka vizuri hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Bado nachagua vituo vyenye foleni ya malori, kwa kuwa mafuta yao hayalali.

Grisi kwenye krosi za propela, viungo vya ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, ni dakika kumi. Fowili, yaani kuendesha kwa matairi yote manne, naiweka walau mara moja kwa mwezi kwenye barabara ya vumbi, kilomita kadhaa, ili oili ifike kwenye meno ya mbele yaliyokaa bila kuzunguka. Kwenye lami siiweki.

Yapo mambo siyagusi. Taiming belti ya 1HZ, mkanda unaooanisha valvu na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na hiyo nampelekea fundi ninayemwamini, nakaa pembeni namwangalia. Injini inabana hewa zaidi ya mara 22, nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo sana, na belti ikikatika valvu zinapinda. Ukinunua gari la mkononi na hakuna anayejua belti ilibadilishwa lini, badilisha wiki hiyo hiyo, kisha andika tarehe na kilomita kwa rangi juu ya kifuniko chake. Pampu na nozeli zinakwenda kwa watu wenye mashine ya kuzipima. Na wenye dizeli za kisasa za komon reli (nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa) nawasihi: mafuta humo yanasukumwa kwa presha inayopita bar 1,000 kwa mbali, na yakitoka kwenye tundu dogo yanapenya ngozi na kuingia mwilini. Usitafute uvujaji kwa mkono injini ikiwa inawaka. Badilisha filta na oili, mengine mwachie aliyesomea.

Jambo la jeki silisemi kwa upole. Gari hili lina zaidi ya tani mbili. Jeki ni ya kunyanyulia tu, haishikilii uhai wa mtu. Likishanyanyuka linakaa juu ya stendi, kwenye sakafu ngumu, mawe mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini, na tairi lililotolewa linalazwa chini ya chesisi. Kijana wangu anashika tochi akiwa nje, haingii. Kama huna stendi, siku hiyo usiingie chini. Na uzuri wa mkonga ni kwamba kazi nyingi za sevisi unazifikia bila kulinyanyua kabisa.

Oili chafu naihifadhi kwenye madumu. Mafundi seremala huja kuichukua, wanaipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa. Kuimwaga kwenye mtaro nyuma ya nyumba ni kuwapelekea majirani wa bondeni kwenye mifereji yao ya mboga, na sijui mtu anayefanya hivyo anakulaje sukumawiki jioni.

Kuna rafiki aliniambia nawanyima mafundi riziki. Nimelifikiria hilo kwa uzito, kwa sababu vijana wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha wanaishi kwa kazi hizi. Lakini mwaka huu nimemlipa fundi wangu zaidi kuliko nilivyowahi kumlipa gereji. Nilimpelekea belti, bushi za nyuma na klachi, kila kimoja kabla hakijavunjika njiani, na kila mara nilifika nikijua tatizo liko wapi. Yeye mwenyewe husema, "Kaka, wewe unaniletea kazi, wengine wananiletea msiba." Hakuna fundi mzuri anayeogopa mteja anayejua gari lake. Anayekuogopa ni yule aliyeandika difu kwenye risiti bila kuifungua.

Jumamosi iliyopita, nilipokuwa nafuta lile tufe la chuma nyuma ya tairi la mbele la kushoto, kitambaa kilitoka na grisi nyepesi, nusu oili. Hiyo ni sili ya ndani ya ekseli: oili ya difu inavuka na kuiyeyusha grisi. Bado halijavuja hadi kwenye breki. Nimeshanunua sili za pande zote mbili na grisi ya kutosha, na spana ya boksi namba 54 ya kufungulia nati za hab, kitovu cha gurudumu, nimeazima kwa fundi wangu. Ameniahidi kupita saa nne, akae pembeni aniangalie.